Kujifunza kupima dawa kiuchumi ukiwa Mtwara au Lindi: masta ya Dar, masafa ya Uingereza, kozi za bure au semina ya hapahapa?

Wenzangu wengi huku kusini wanauliza swali lilelile, wafamasia, madaktari, manesi mpaka wahasibu wa hospitali: nataka kujifunza ile ishu ya kupima dawa kiuchumi, yaani dawa hii inagharimu kiasi gani zaidi ya ile na hicho kiasi cha ziada kinamletea nini mgonjwa, sasa naanzia wapi? Ukiingia onlaini ndo unachanganyikiwa kabisa maana kila kozi inajisifia. Kwa iyo nimeziweka njia nne ubavu kwa ubavu, na nimeziangalia kwa macho ya mtu anayefanya kazi hospitali ya Ligula, Sokoine, Ndanda au kituo cha afya kule Nanyumbu, sio mtu anayeishi Upanga ambaye chuo kipo nje ya geti lake.

Watu wanalinganisha kozi kwa ada na jina la chuo. Sawa, ada ni muhimu, ila mi kitu cha kwanza ninachoangalia ni kingine: ukipiga hesabu yako ya kwanza ukakosea, nani atakwambia umekosea wapi? Hii fani ina tabia moja mbaya sana. Ukikosea dozi mgonjwa ataonyesha, ukikosea oda stoo itaisha, lakini ukikosea hesabu ya uchumi wa dawa jibu linatoka zuri tu, lina desimali mbili na grafu ya rangi, na kikao kinapiga makofi. Ndo maana kozi isiyo na mtu wa kukukosoa naiona nusu kozi, hata kama cheti chake kina nembo ya dhahabu.

Kwanini watu wameamka saivi? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita 2023, na Machi 2024 tuliona NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, walivobadili kitita cha huduma na bei, baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kuhudumia wanachama mpaka serikali ikaingilia. Pale kila upande ulikua unaongea namba. Ukiwa hospitalini huku Mtwara unayepokea uamuzi tu bila kuelewa namba zimetoka wapi, unabaki kulalamika kwenye grupu la wasapu.

Tuangalie kwanza tunachojifunza chenyewe kinafananaje, maana wengine wanadhani ni uhasibu. Chukua malaria kali ya watoto, ugonjwa ambao kila nesi wa wodi ya watoto Mtwara anaujua, mkoa wetu upo kwenye ile mikoa ya juu kwa malaria nchini. Zamani ilikua kwinini ya dripu, chupa inaning'inia kama masaa manne, mara tatu kwa siku, nesi anachungulia matone na kuangalia sukari isishuke. Afu ikaja artesuneti ya sindano: unapochoma mara ya kwanza, baada ya masaa 12, masaa 24, kisha mara moja kwa siku. Kwa bei ya kichupa peke yake mwenye stoo angekwambia tubaki na kwinini. Mwaka 2010 ukatoka utafiti mkubwa wa watoto 5,425 kwenye nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Mwaka 2011 ikatoka hesabu ya gharama ya utafiti huohuo, gharama ya kumtibu mtoto mpaka anatoka na sio kichupa tu: kwinini dola 63.5, artesuneti dola 66.5.

Sasa piga mwenyewe. Watoto 100 ukiwahamishia artesuneti unaongeza dola 300, na vifo vinapungua 2.4. Gawanya, unapata dola 125 kwa kila kifo kilichozuiwa. Wenyewe waliandika kama dola 123, na kama dola 3.8 kwa kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya uliookolewa, wao wanaita DALY iliyozuiwa, tofauti ndogo na yetu ni kwasababu wao hawakukata desimali njiani. Ukishaelewa hiyo gawanya hapo juu umeshaelewa moyo wa fani nzima: gharama ya ziada chini yake faida ya ziada. Kilichobaki ni namna ya kupata namba sahihi za kuweka juu na chini, na hapo ndo watu wanasoma miaka.

Ndani ya fani kuna kazi tatu na sio moja, na hapa wengi wanakosea kuchagua kozi. Ya kwanza ni kusoma na kukosoa hesabu ya mwenzako, kwa mfano kampuni imeleta karatasi inayosema dawa yao inaokoa hela. Ya pili ni kupiga hesabu za hospitali yako mwenyewe, bajeti ya dawa inaenda wapi na ukibadili dawa fulani mwaka kesho utatumia kiasi gani. Ya tatu ni kujenga modeli, miti ya maamuzi, modeli za Markov zinazomfuata mgonjwa akihama toka hali moja ya afya kwenda nyingine, kukadiria mgonjwa atakua wapi baada ya miaka 20. Mtu wa Newala anayetaka kazi ya pili akienda kulipia kozi ya kazi ya tatu atarudi na deni na modeli ya ugonjwa ambao hana hata mgonjwa mmoja.

Masta ya kukaa darasani

Hapa wengi wanaifikiria MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili pale Dar, ambako kuna masta ya usimamizi wa dawa kwenye skuli ya famasi, na upande wa afya ya jamii pia kuna masomo yanayogusa uchumi wa afya. Wengine wanaenda Mzumbe, wana masta ya ufuatiliaji na tathmini ya afya. Hesabu kama miaka miwili ukijumlisha na disertesheni.

Uzuri wake ni kwamba kukosolewa kupo kwa wingi. Una msimamizi, una wanafunzi wenzako, una kikao cha kutetea pendekezo la utafiti ambapo profesa anakuuliza namba hii umeitoa wapi na jasho linakutoka. Kingine ambacho hakiandikwi kwenye brosha: unakaa mji mmoja na makao makuu ya MSD, bohari ya dawa ya serikali, pale Keko, unajuana na watu, na ukirudi kusini una namba ya simu ya mtu wa kumuuliza. Hilo peke yake lina thamani kuliko moduli mbili tatu.

Ubaya wake, uchumi wa dawa humo ni kipande, sio chakula chote. Utasoma ununuzi, ugavi, sera, takwimu, uongozi, na upimaji wa kiuchumi unakuja kama somo kati ya masomo. Ukitaka uzame inabidi ukomae kwenye disertesheni, uchague mada ya upimaji na upate msimamizi anayeijua kweli, na hilo liulize kabla hujaomba, sio baada. Lingine ni ruhusa. Halmashauri nyingi za huku zina mfamasia mmoja au wawili wa kutegemewa, ukisema unaondoka miaka miwili Mkurugenzi anakuangalia kama umemtukana. Kama haupo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri utahangaika sana, wengine wanaishia kwenda bila mshahara kueleweka. Na familia, kilomita zaidi ya 550 toka Mtwara mjini, basi linaondoka alfajiri na linafika umeshachoka, sio kitu cha kwenda na kurudi kila wikendi.

Masafa kutoka nje

Hapa wakubwa wawili wanaofaa kulinganishwa na hali yetu ni Chuo Kikuu cha York cha Uingereza na Chuo Kikuu cha Cape Town.

York ndo nyumbani kwa hii fani kusema ukweli, kituo chao cha uchumi wa afya kipo toka 1983, na wana programu za masafa zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wa afya walioko kazini, kuanzia cheti cha uzamili, diploma, mpaka masta ya upimaji wa kiuchumi kwa ajili ya tathmini ya teknolojia za afya, yaani dawa, vipimo na vifaa. Unasoma ukiwa kazini, moduli kwa moduli, kazi unaandika na inasahihishwa na mtu anayeijua. Kwa kipimo changu cha nani anakukosoa, York wanapata alama za juu kuliko wote wanne. Kama unataka ile kazi ya tatu, kujenga modeli, mi sioni pa kwingine pa kuanzia.

Lakini ada ni kwa pauni. Kaa na karatasi uibadilishe kwa shilingi kwa kiwango cha siku hiyo, afu uongeze kidogo kwasababu shilingi haikusubiri, na kama ni mkopo wa benki wa miaka mitatu minne jiulize mshahara wako baada ya cheti utapanda kwa kiasi gani. Hii yenyewe ni tathmini ya kiuchumi, inashangaza watu wanaotaka kusomea gharama na faida hawapigi gharama na faida ya kozi yenyewe, haha. Mwajiri wa serikali hakupandishi daraja kwasababu tu umejua kujenga modeli ya Markov.

Jambo la pili, mifano yao mingi ni ya kwao. Utasoma sana kuhusu NICE, taasisi ya Uingereza ya kupima kama dawa inafaa kulipiwa, iliyoanza 1999, ambayo kwa miaka mingi ilitumia kiwango cha pauni 20,000 mpaka 30,000 kwa mwaka mmoja wa maisha yenye ubora. Ukirudi Tandahimba na hiyo namba kichwani unakua hatari kuliko mtu ambaye hajasoma. Lazima kila wiki ujiulize hii kwetu inakuaje, na mwalimu wa Uingereza hatakufanyia hiyo kazi.

Cape Town wana kitengo cha uchumi wa afya toka 1990 na diploma ya uzamili ya uchumi wa afya ambayo sehemu kubwa unasoma ukiwa mbali. Mifano yake iko karibu na sisi zaidi, mifumo ya afya ya Afrika, DALY badala ya vipimo vya Ulaya, watu wa darasani wanatoka nchi zenye stoo zinazoisha kama zetu. Ila ni pana, utasoma ufadhili wa afya, bima, usawa, na upimaji wa dawa ni sehemu yake. Kwa hiyo ukiwa mganga mkuu wa wilaya au katibu wa afya unayehangaika na bajeti nzima ya halmashauri, Cape Town inakufaa kuliko York. Ukiwa mfamasia unayetaka siku moja ukae kwenye meza ya kamati ya kitaifa inayotathmini teknolojia za afya, au wanaopanga orodha ya dawa muhimu, York.

Kwa wote wawili tatizo la huku ni intaneti na umeme. Gesi ya Mnazi Bay inatoka kwetu lakini usiku wa deadline ndo umeme unakumbuka kukatika. Na Mei 2024 wote tunakumbuka, kimbunga Hidaya kimepita, barabara ya Dar imekatika pande za Kilwa, na ndani ya mwezi huohuo nyaya za baharini zikakatika, intaneti ikawa ya kuomba Mungu. Mtu anayesoma masafa akiwa Mtwara apakue kila kitu wiki moja kabla, na amwandikie mwalimu mapema kabisa kwamba anaishi wapi. Vyuo vya namna hii vina utaratibu wa kuongeza muda, ila uombe kabla ya deadline sio baada.

Kozi za bure za onlaini

Zipo nyingi, na nyingine ni nzuri kweli. Thailand wana taasisi yao ya kutathmini teknolojia za afya, HITAP, ilianza 2007, na wana tovuti inayoitwa GEAR iliyotengenezwa kwa ajili ya watafiti wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, imejaa maelezo ya matatizo halisi, mfano data hakuna ufanyeje. Mi naiona bora kuliko kozi nyingi za vyuo vikubwa kwasababu Wathai wamepita njia hiihii ya bima kwa wote wakiwa na hela kidogo. WHO nao wana vifaa vya kufundishia kamati za dawa na tiba, vina somo la gharama, vya zamani kidogo ila vinasomeka na ni bure. Halafu kuna yale majukwaa makubwa ya kozi, unasikiliza bure, cheti unalipia.

Kwa kazi ya kwanza, kusoma na kukosoa, hizi zinatosha kabisa, usimpe mtu hela yako. Kwa kazi ya pili zinasaidia nusu. Kwa kazi ya tatu hapana.

Shida ni ileile, nani anakukosoa? Kompyuta. Unachagua A mpaka D, ukikosea unarudia, ukirudia unapata, unapewa cheti, na bado hujawahi kupiga hesabu moja ambayo mtu kaikagua mstari kwa mstari. Na watu wanaanza wengi wanamaliza wachache, hasa msimu wa korosho ukifika, kila mtu ana shamba lake au la mama yake.

Kuna mtego wa kupimia kozi ya bure ni nzuri au mbovu. Angalia wanasemaje kuhusu kizingiti, yaani bei gani kwa mwaka mmoja wa maisha tuseme inalipa. Kozi za kizamani zitakwambia dawa ikigharimu chini ya mara tatu ya pato la mtu mmoja la nchi basi inafaa. Hiyo kanuni ilitokana na tume ya WHO ya uchumi na afya ya 2001 na ikasambaa kila mahali, lakini 2016 wataalamu wa WHO wenyewe waliandika kwamba isitumike kama kanuni ya kuamua, na mwaka huohuo watu wa York wakatoa makadirio yanayoonyesha kwamba kwa nchi maskini kiwango halisi kiko chini sana, chini hata ya pato la mtu mmoja. Kwetu tofauti hiyo ni kubwa mno. Ukitumia mara tatu karibu kila dawa inapita, na halmashauri haina hela za karibu kila dawa. Kozi inayofundisha mara tatu bila kusema neno lolote, ifunge.

Semina na mafunzo ya hapahapa

Tuseme ukweli kuhusu semina. Siku tatu hotelini, slaidi 140, chai saa nne, posho jioni, picha ya pamoja, na Jumatatu kila mtu anaendelea kama zamani. Nimekaa kwenye moja mwezeshaji alisoma slaidi neno kwa neno na mfano wake mkubwa ulikua dawa ya kansa ambayo kusini nzima haipo. Nani alikosolewa pale? Hakuna. Kwa mfumo huo naiweka ya mwisho.

Lakini kuna namna nyingine ya kuifanya, na kwa watu wengi wanaosoma hapa mi naona ndo ya kwanza. Kila hospitali inatakiwa iwe na kamati ya dawa na tiba. Nyingi zipo kwenye makaratasi. Badala ya semina ya siku tatu, fanyeni saa mbili kila wiki kwa miezi mitatu, mezani kuna data yenu wenyewe. Mnatoa matumizi ya dawa ya mwaka mzima kwenye mifumo ya kompyuta ya hospitali na ya oda za dawa, GoTHOMIS na eLMIS, mnaweka bei za katalogi ya MSD na bei mlizonunulia kwa mshitiri, yule msambazaji binafsi, pale MSD walipokosa, mnazidisha kwenye eksel, mnapanga kutoka kubwa kwenda ndogo. Hiyo ndo ABC. Kawaida asilimia 10 mpaka 20 ya aina za dawa zinakula asilimia 70 mpaka 80 ya hela yote. Afu pembeni mnaweka kila dawa ni ya kuokoa maisha, ni muhimu, au tunaweza kuishi bila yake. Hapo ndo madaktari na wafamasia wanagombana, na huo ugomvi ndo darasa.

Mara zote kuna dawa moja iko juu kabisa kwa gharama na hakuna anayeweza kueleza kwanini, mara nyingi ni antibayotiki ya sindano inayoandikwa kwa mazoea wakati mwongozo wa taifa wa tiba unataja ya vidonge kwa wagonjwa haohao. Kuilinganisha hiyo na mbadala wake ndo zoezi lenu la kwanza la kiuchumi: bei ya dawa, sirinji, maji ya kuchanganyia, muda wa nesi, siku za kulazwa. Na mnajifunza kitu ambacho York wanakifundisha wiki nzima, kwamba gharama inategemea unaangalia kwa macho ya nani. Sirinji hospitali inalipa, nauli ya kutoka Kitangari kuja mjini analipa ndugu wa mgonjwa. Hata zile dawa za matende na usubi zinazotolewa msaada, stoo bei yake sifuri, lakini kuzifikisha kijijini na kuwalipa wagawaji sio sifuri.

Mambo magumu nayo yanafundishika hapahapa kwa lugha ya hapahapa. Diskaunti inawasumbua watu sana, ile ya kupunguza thamani ya gharama na faida za miaka ijayo, mara nyingi kwa asilimia 3 kwa mwaka. Huku usianze na fomula, anza na kangomba. Mkulima anayeuza korosho zikiwa bado ziko mtini kwa bei ya kutupa anajua kabisa msimu ukifika gunia litakua na bei kubwa zaidi, lakini hela ya leo ina uzito kuliko hela ya Novemba. Kila mtu chumbani anacheka na ameshaelewa, kilichobaki ni kuwaambia kwenye fani hii mara nyingi inatumika asilimia 3 na mnunuzi wa kangomba anatumia asilimia za kutisha.

Kukosolewa hapa kunatoka wapi? Hapa lazima mtengeneze wenyewe, ndo udhaifu wa njia hii. Mkikaa hospitali moja mtakubaliana tu, bosi akisema sawa wote sawa. Pendekezo langu mpige jozi, Ligula na Sokoine ni kama kilomita 110 tu, Ndanda na Nyangao wako barabara moja. Kila mwezi mnabadilishana faili la eksel na upande wa pili kazi yao ni kulishambulia kwa yale maswali kumi maarufu ya Drummond, mwandishi wa kitabu kinachotumika sana kwenye fani hii: swali limeulizwa vizuri, mbadala umetajwa, ushahidi wa faida upo, gharama zote zimehesabiwa, mmejaribu kubadilisha namba kuona jibu linayumba kiasi gani, na kadhalika. Yapo bure mtandaoni. Mtu wa Lindi akikuandikia kwamba umesahau gharama ya kipimo cha maabara utamchukia siku mbili afu hutasahau tena maishani.

Cheti hupati, hilo ni kweli. Poiti za kujiendeleza kitaaluma unaweza kupata kama mafunzo yameandikishwa kwenye baraza lako, kwa hiyo kabla ya kuanza mtu mmoja afuatilie Baraza la Famasi, mwingine baraza la madaktari, mwingine la wauguzi, kila moja lina utaratibu wake.

Sasa wewe uchague ipi

Nesi msimamizi wa wodi, au daktari uliyeingizwa kwenye kamati ya dawa bila kuulizwa: kozi moja ya bure ya kujua lugha, afu saa mbili za kila wiki. Usikope hata shilingi. Wewe ndo una kitu ambacho wataalamu wa modeli wanakitafuta, unajua dripu inachukua muda gani kweli na sio muda wa kwenye kitabu.

Mfamasia wa wilaya, una miaka mitano sita kazini na unaona bado utakaa huku: hapohapo, jozi na hospitali nyingine, mwaka mmoja. Ukimaliza huo mwaka na bado usiku unafungua eksel kwa raha yako mwenyewe, omba York kuanzia ngazi ya cheti, sio masta moja kwa moja. Cheti kikikushinda umepoteza kidogo, na kisipokushinda unapanda.

Mganga mkuu wa wilaya au katibu wa afya, Cape Town kama hela ipo. Hela ikiwa hakuna, mlazimishe mhasibu wako ahudhurie vikao vya ABC, utashangaa atakachokwambia.

Kijana uliyemaliza intanshipu, huna familia, ajira bado: nenda masta ya darasani sasa hivi. Hiyo miaka miwili haitakuja kuwa rahisi tena, na wewe ndo unahitaji watu wa kujuana nao kuliko unavyohitaji modeli. Ila chukua mada ya disertesheni ya kusini. Malaria kali, kuumwa na nyoka mashambani, presha kwa wazee wa vijijini, data zipo huku zimelala kwenye rejesta na wenzako wa Dar hawazioni.

Mhadhiri au mtu mwenye ndoto ya kufundisha, hakuna njia ya mkato, masta ya hapa au York, na baadae shahada ya uzamivu.

Kwa mkoa mzima, kama ningekua naulizwa na mfamasia wa mkoa hela za mafunzo ziende wapi, ningesema msomeshe mtu mmoja York na ziada yote iende kwenye nauli za zile jozi na bando, semina za hotelini zifutwe. Huyo mmoja mkataba wake useme anakagua mafaili ya hospitali zote za mkoa mara moja kwa robo mwaka. Hapo ile hela ya pauni inakua imenunua mkosoaji wa mkoa mzima, na sio cheti cha ukutani cha mtu mmoja anayehamia Dodoma mwaka unaofuata.

Kitu cha mwisho cha kiutaratibu, maana watu wanaingia matatizoni. Data ya stoo ya kutumia ndani ya kamati, ruhusa ya mganga mfawidhi kwa maandishi inatosha na majina ya wagonjwa yasiwemo kabisa kwenye faili, hata namba ya faili la mgonjwa toa. Ila ukitaka kuichapisha au kuitumia kwenye disertesheni, kibali cha maadili ya utafiti uombe kabla hujagusa data, kupitia chuo chako au NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kulingana na utafiti wenyewe, na barua za kupitia mkoa na halmashauri zianze mapema kwasababu hizo zinaweza kuchukua muda mrefu kuliko uchambuzi wote. Na faili mnalobadilishana kati ya hospitali mliwekee neno la siri, msilitupie tu kwenye grupu la wasapu lenye watu 200.